Masizi ya kwenye kanga zako yana wenyewe zaidi ya mmoja

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Kurasini, nimelifupisha kidogo: "Nyumba yetu haiko mbali na uzio wa bandari. Nikianika nguo jioni asubuhi nazikuta na vidoa vyeusi, na mwanangu wa miaka sita ana pumu, kuna wiki hatulali. Meli zimefunga gatini lakini moshi unatoka usiku kucha. Kaka yangu ni baharia, anasema Ulaya na Marekani meli ikifika inazima injini inachomekwa umeme wa nchi kavu kama simu. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo, umeme wa Bwawa la Nyerere si upo? Na ikifanyika nitapata hewa safi kweli au ni maneno ya tabianchi tu?"

Dada yangu, kwanza pole na mtoto. Kaka yako hajakudanganya, ila kakusimulia mwisho wa hadithi bila mwanzo. Mi kazi yangu kwa miaka karibu ishirini ni kupima hewa za bandarini, nimepanda meli nyingi, nimekaa kwenye mageti ya malori na kipimo mkononi mpaka walinzi wananiuliza kama nimepotea, na nikuambie mapema kabisa: plagi ni kitu kizuri lakini kwa mtoto wako wa Kurasini si ya kwanza kwenye foleni, kuna vitu viwili vitatu vimeitangulia ambavyo ni rahisi zaidi na havipigwi picha.

Tuanze na nguo maana hicho ndo kipimo ulichonacho nyumbani. Kesho jioni weka kitambaa cheupe kilicholowa kidogo kwenye sahani, kiache nje mpaka asubuhi halafu kisugue kwa kidole. Kama ni cheusi na kina utelezi kama mafuta, hayo ni masizi ya injini. Kama ni kijivu na kinakwaruza kama mchanga basi ni vumbi la saruji au la klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, hiyo inashushwa kwa makucha ya krini na kila kikombe kikimwagwa wingu linanyanyuka. Na kama kina rangi ya njano njano usishangae, Dar inapitisha salfa nyingi inayokwenda kwenye migodi ya shaba ya Zambia na Kongo, na ile nayo hupeperuka. Watu wengi wanaokuja kulalamika kwangu habari za moshi wa meli nikiangalia kitambaa chao nakuta nusu ya kesi ni vumbi la shehena, na dawa ya vumbi la shehena wala haihitaji umeme wa meli, inahitaji hopa, yale mafaneli makubwa ya kupokelea shehena, zenye kufyonza vumbi pale juu, turubai kwenye lori, na kufagia gati kwa maji badala ya kufagia kwa ufagio mkavu.

Halafu kuna jambo ambalo mabaharia wanalijua ila hawalisemi sana. Meli ina boila, na mabomba ya boila yanajaza masizi ndani, kwa hiyo kila baada ya muda yanapulizwa kwa mvuke ili yatoke. Sheria za bandari nyingi zinakataza kupuliza masizi meli ikiwa gatini, ifanyike bahari kuu huko. Sasa ukiona asubuhi moja vidoa ni vikubwa vya kuonekana kwa macho, kama masizi ya moto wa kuni, na siku zingine hakuna, kuna uwezekano mkubwa usiku ule kuna fundi kapuliza boila lake gizani akijua hakuna anayemwona. Hilo ni kosa la usiku mmoja lenye jina la meli na saa yake, linashughulikiwa kirahisi kuliko unavyodhani kama mtu ameandika saa.

Ila sasa, na hili linauma kidogo, vidoa vikubwa vinavyokuharibia kanga sio vinavyomharibia mtoto kifua. Vile vikubwa pua inavikamata. Kinachozama mpaka chini ya mapafu ni chembe za chini ya maikroni 2.5, unywele wako tu una kama maikroni 70 hivi, kwa hiyo hizo huwezi kuziona hata ukiangalia kwa tochi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango kinachopendekezwa mpaka maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na moshi wa dizeli wenyewe tangu 2012 umewekwa kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, hakuna tena mjadala hapo.

Sasa meli. Kwa nini haizimi? Meli ikifunga gatini injini kubwa ya kusukumia inazimwa kweli, kaka yako anajua. Kinachobaki kinanguruma ni majenereta, kwa sababu mle ndani kuna taa, pampu, jiko la mabaharia, feni za chumba cha injini, na kwenye meli za kontena kuna makontena ya baridi ambayo yakikosa umeme kwa muda mrefu samaki wa mtu wanaoza. Meli ya kontena ya wastani inaweza kula megawati 1 mpaka 2 ikiwa imesimama tu, meli za watalii zile kubwa zinafika 10. Tufanye hesabu ya haraka: megawati 1.5 kwa siku mbili ni yuniti 72,000, ukifikiria zile za luku unaelewa ukubwa wake. Jenereta la meli linakunywa karibu gramu 210 za mafuta kwa yuniti moja, kwa hiyo hapo zimeungua tani 15 za mafuta na zimetoka karibu tani 48 za hewa ya ukaa, kwa meli moja, kwa siku mbili, bila kwenda popote.

Na mafuta yenyewe ni habari nyingine. Dizeli tunayouziwa vituoni Afrika Mashariki tangu 2015 kiwango chake ni salfa isiyozidi 50 kwa milioni. Mafuta ya meli yanaruhusiwa 5,000 kwa milioni, yaani mara 100, na hiyo ndo baada ya kusafishwa! Kabla ya tarehe 1 Januari 2020 ilikuwa 35,000. Ile sheria ya 2020 ya shirika la bahari la Umoja wa Mataifa, IMO, ndo jambo kubwa kuliko yote lililowahi kufanyika kwenye moshi wa meli na wewe wa Kurasini ulipunguziwa salfa siku hiyo bila kuandamana wala kuandika barua. Wenzetu wa bahari ya Baltiki, bahari ya Kaskazini na pwani za Marekani na Kanada wamejiwekea kikali zaidi, 1,000 tu, tangu 2015, na bahari ya Mediterania yote imeingia kwenye kiwango hicho Mei 2025. Pwani yetu haimo. Kwa hiyo meli ile ile ikikaribia Ulaya inabadili tenki inachoma mafuta safi, ikirudi kwetu inachoma ya bei rahisi. Sio uchawi wala dharau sana, ni sheria tu, anayedai anapewa.

Hapa ndo naomba ushike kitu kimoja maana ndo jibu la swali lako la mwisho. Moshi unaomkaba mtoto na kaboni inayopasha dunia joto ni madeni mawili, yanatoka bomba moja lakini hayalipwi kwa pesa moja. Ukitoa salfa kwenye mafuta kifua kinapata nafuu ila kaboni inabaki vile vile. Ukimwambia mwenye meli aende taratibu, kaboni inapungua sana, maana mwendo ukipunguza asilimia 10 nguvu inayohitajika inashuka karibu asilimia 27, lakini mtoto wa Kurasini hajaona tofauti yoyote kwa sababu huo moshi uliookolewa ulikuwa wa katikati ya bahari ya Hindi. Kuna ile mashine wanaita skraba, inaosha moshi kwa maji ya bahari ili meli iendelee kuchoma mafuta machafu kwa halali, na yale maji machafu yanarudishwa baharini, Singapore na Fujairah ya Falme za Kiarabu wamezikataza zile za kumwaga ndani ya bandari zao tangu 2020 na mi naona wamefanya sawa kabisa maana kumtolea mtu moshi puani ukampelekea mvuvi kwenye nyavu sio usafi huo. Kwa hiyo mtu akija kwenye mkutano anasema "bandari ya kijani" muulize tu, unalipa deni lipi?

Plagi uzuri wake ni kwamba inaweza kulipa yote mawili kwa mpigo, ndo maana watu tunaipenda. Göteborg kule Sweden walifunga ya umeme mkubwa mwaka 2000, Juneau ya Alaska wakafunga ya meli za watalii 2001, Los Angeles wakafunga ya kontena 2004. Na kwa nchi yenye umeme wa maji deni la kaboni linafutika vizuri kweli. Ile meli yetu ya tani 48, ukiichomeka kwenye umeme wa lile Bwawa la Nyerere kule Rufiji ambako kuna mitambo 9 yenye jumla ya megawati 2,115, kaboni yake inakuwa karibu na hakuna, na hata ukiilisha umeme wa gesi asilia ya Songo Songo bado unapata nafuu fulani. Meli moja ni megawati 1.5 kwenye megawati 2,115, kwa hiyo una haki kabisa kuuliza kwani umeme si upo. Upo. Tatizo haliko bwawani.

Tatizo la kwanza liko kwenye waya. Umeme wa kufika gatini inabidi uwe kilovolti 6.6 au 11, kuna kiwango cha kimataifa cha hilo, na lazima ujenge kituo cha kupoozea umeme chako pale bandarini, sio kuvuta waya kutoka nguzo ya mtaani. La pili watu wengi hawalijui: umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, meli nyingi zimejengwa kwa hezi 60. Huwezi kuchomeka tu, pampu zote za mle ndani zitazunguka vibaya, inabidi uweke mtambo wa kugeuza masafa, yaani kuzifanya hizo hezi 50 ziwe 60, na huo ndo unaokula hela kuliko kebo yenyewe, gati moja linaweza kumeza mamilioni ya dola. La tatu, umeme usikatike. Nahodha akikatikiwa mara mbili na makontena ya baridi yamejaa, ya tatu hachomeki, atakuambia plagi yake mbovu na wewe huwezi kupanda kuikagua kila siku.

La nne ndo langu, nalirudia kila mahali mpaka wenzangu wananichoka. Meli zinazotujia nyingi ni kama magari ya mtumba, zimetumika njia za wenyewe miaka kumi na tano ndo zinaletwa huku, na nyingi hazina soketi. Niliwahi kuitwa kwenye bandari moja, sio ya Afrika Mashariki, sitaitaja, walikuwa wamejenga mfumo mzuri, kabati za umeme zinang'aa, utepe umeshakatwa, viongozi wamepiga picha. Nikaomba kitabu cha matumizi. Mwaka mzima kebo ilikuwa imeunganishwa mara chache kiasi kwamba fundi aliyekuwa zamu alikuwa anazikumbuka meli kwa majina. Siku ile niko pale buibui wametanda kwenye mdomo wa soketi na meli ya mbele yake inatoa moshi mzuri tu mweusi. Hawakuuliza swali la kijinga la mwanzo kabisa: meli zetu sisi, hizi zinazokuja kila wiki, ngapi zina plagi?

Ila hapa upepo unageuka kidogo kwa upande wetu. Umoja wa Ulaya umeshasema kuanzia 2030 meli za kontena na za abiria kwenye bandari zake kubwa lazima zichomekwe, na California wameanza kulazimisha tangu 2014, kwanza nusu ya safari za kampuni halafu wakapandisha, na sheria yao mpya imeshaingiza mpaka meli za magari na za mafuta. Kwa hiyo meli zinafungwa soketi kwa ajili ya bandari kama Rotterdam ya Uholanzi na Long Beach ya California, na zikizeeka zinatujia na soketi zake mgongoni. Kwa hiyo kama bandari zetu zinajenga gati jipya leo, wazike mabomba ya kebo na waache nafasi ya kituo cha umeme sasa hivi wakati zege bado bichi. Hiyo gharama ni ndogo mno. Kuja kuvunja zege baada ya miaka kumi ndo utaona bei.

Sasa nikupeleke huko huko Los Angeles kidogo maana hadithi ile ina mama kama wewe ndani yake. Bandari mbili zimekaa pamoja, Los Angeles na Long Beach, kwenye ghuba ya San Pedro, na pembeni kuna mitaa ya Wilmington na San Pedro yenyewe ambako watoto walikuwa na inhela kwenye mabegi ya shule. Mwaka 2001 wenye nyumba wa San Pedro na watu wa mazingira waliishtaki serikali ya jiji kwa sababu bandari ilikuwa inajenga gati la kampuni ya meli ya China Shipping bila tathmini ya maana ya athari. Mahakama ya rufaa ikasimamisha ujenzi. 2003 wakakubaliana nje, na moja ya masharti ndo likazaa ile plagi ya 2004. Yaani ile plagi anayokusimulia kaka yako haikuletwa na kampuni iliyoamka asubuhi na huruma, ililetwa na majirani. Na usikimbilie kushangilia, maana 2015 ilikuja kujulikana kwamba hatua kadhaa zilizokubaliwa hazikuwa zinatekelezwa, makubaliano yalikuwa yamelala kabatini na hakuna aliyekuwa anahesabu.

Lakini waliloanza nalo kwa upana 2006, mpango wao wa hewa safi, lilianza na kuhesabu: kila mwaka wanatoa orodha ya nani katoa nini, meli, boti za kuvuta, krini, treni, malori, kila mmoja na fungu lake. Oktoba 2008 wakafungia geti malori ya 1988 na nyuma yake, wakaendelea kubana mpaka 2012 hakuna lori lisilofikia kiwango cha injini cha 2007. Masizi ya dizeli yameshuka zaidi ya asilimia 80 ukilinganisha na 2005, wakati huo huo makontena ya Los Angeles peke yake yametoka milioni 7.5 hadi milioni 10.3 mwaka 2024 kwa hesabu ya futi 20. Kaboni je? Haikushuka hata kukaribia kasi hiyo. Unaona madeni mawili?

Na kuna kidonda pale ambacho sisi tusikirudie. Lori jipya ni ghali, na pamoja na kwamba ada ilitozwa kwa wenye mizigo, madereva wengi walijikuta wamebebeshwa mikataba ya kukodi malori wasiyoweza kulipa, mtu anafanya kazi wiki nzima Ijumaa anapewa karatasi inayosema anadaiwa. Ukifungia geti malori machakavu ya Dar bila kusema nani analipa, umemtoa jirani moshi kwa kumuua dereva njaa. Na wenye malori wengi hapa kwetu sio makampuni makubwa, ni mtu na lori lake moja au mawili na mkopo benki.

Haya, turudi Kurasini kwenye malori maana mi naona hapa ndo kwenye pumu yako. Bomba la meli liko juu mita 30, 40, upepo ukiwepo moshi unapita juu ya paa lako unakwenda zake mbali. Bomba la lori liko usawa wa pua ya mtoto anayetoka shule. Chukua mfano tu: malori 300 kwenye foleni ya kuingia bandarini, injini zinanguruma masaa 6 maana dereva akizima anaogopa kupoteza nafasi na joto nalo, kila moja linakunywa kama lita 3 kwa saa. Hizo ni lita 5,400, karibu tani 14 na nusu za hewa ya ukaa. Ile meli yetu ya megawati 1.5 usiku mzima wa masaa 12 inatoa kama tani 12. Kwa hiyo foleni moja mbovu ya malori ni sawa na meli moja iliyolala gatini, tofauti ni kwamba foleni iko mlangoni kwako na haina bomba refu, na malori yenyewe mengi ni mitumba ambayo vichujio vilishatolewa zamani au havikuwahi kuwepo.

Dawa ya foleni sio kontena la teknolojia kutoka nje. Ni kupanga miadi, lori linapewa saa yake kwenye simu, likija kabla ya saa linabaki huko maegeshoni, halipangi mstari Barabara ya Kilwa wala Mandela. Ni karatasi za forodha kumalizwa kabla lori halijawasha injini. Na ni reli. Hapa Tanzania tuna bahati ambayo hata watu wetu hawaioni, reli yetu ya SGR ni ya umeme, ya Kenya kutoka Mombasa ni ya dizeli, na tangu 2025 mizigo imeanza kwenda nayo bandari kavu ya Kwala kule Pwani. Kila kontena linalotoka gatini kwa treni hiyo mpaka Kwala ni lori moja ambalo halikupita Kurasini. Kama ningepewa shilingi moja ya kupunguza moshi wa bandari ya Dar ningeiweka pale, treni zijae, kabla sijanunua kebo hata ya mita moja.

Meli zinazosubiri nje nazo tusizisahau. Mwishoni mwa 2021 pale Los Angeles na Long Beach kulikuwa na meli nyingi mno zimetia nanga mbele ya mji, mwanzoni mwa 2022 foleni nzima, pamoja na zilizokuwa zinasubiri mbali baharini, ikapita mia, na uchafuzi wa 2021 ulipanda sana pamoja na plagi zao zote. Wakabadili utaratibu tangu Novemba 2021: meli inapata nafasi yake kwa kuhesabiwa tangu ilipotoka bandari ya mwisho, haina haja ya kukimbia ili iwahi kukaa nanga, inakuja taratibu. Kwetu utamaduni bado ni wa daladala, kila mtu anakimbilia abiria, akifika anasubiri kwenye nanga siku kadhaa majenereta yanawaka. Gati likifanya kazi haraka na meli ikaambiwa mapema "we njoo Alhamisi", mwenye meli anaokoa mafuta, kaboni inashuka, na hakuna aliyetoa senti. Nashangaa kwa nini jambo hili halipewi uzito, labda kwa sababu halina utepe wa kukata.

Kama lazima tuanze na plagi, basi tuanze na wadogo. Boti za kuvuta meli, boti za marubani, na feri zinazolala Dar usiku. Hizi ni zetu, zinalala pale pale kila siku, zinatumia umeme wa kawaida usiohitaji ile mitambo mikubwa ya kugeuza masafa, na fundi wa hapa anaziweza. Krini za uwanjani za dizeli zibadilishwe za umeme moja moja kadiri zinavyochakaa. Hapo mafundi wanazoea, Tanesco wanazoea, na meli kubwa zenye soketi zikija zinakuta watu wanaojua.

Sasa we ufanye nini wiki hii. Upepo kwanza: kipindi cha kaskazi, Desemba mpaka Machi, unatoka bahari upande wa kaskazini mashariki unakusukumia moshi wa magati, wakati wa kusi moshi huo unawaendea zaidi watu wa Gerezani na Kariakoo. Kwa hiyo kaskazi ikiingia, na hasa usiku hewa ikitulia kabisa, dirisha la chumba cha mtoto linaloangalia bandari lifunge, fungua la upande mwingine, nguo anika asubuhi. Dawa za kifua mpangilie na daktari, hapo mi sina elimu, ila mwambie daktari mnakaa wapi, hicho ni kitu anatakiwa kukijua.

Pili andika. Daftari la mtoto la mistari linatosha: tarehe, saa, moshi ulikuwa rangi gani, ulidumu dakika ngapi, jina la meli kama linasomeka, malori yamefika wapi kwenye foleni, na usiku gani mtoto alikohoa. Moshi mweusi wa dakika mbili tatu jenereta linapowashwa ni wa kawaida, usiuandikie barua. Mweusi wa nusu saa si wa kawaida. Meli inatakiwa kuwa na risiti ya mafuta iliyonunua na kuitunza miaka mitatu, pamoja na chupa ya sampuli ya mafuta yenyewe, hiyo angalau mwaka mmoja, na wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia meli, wakipanda wana njia ya kuangalia, lakini hawawezi kukagua "meli fulani mwezi uliopita". Wanaweza kukagua meli yenye jina, ya usiku wa Jumanne, saa nane na robo.

Tatu, mpitie mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani kumi hivi, msiende mmoja mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari na wananchi wasikilizwe, NEMC ndo wanaosimamia, na bandari ile haiachi kupanuliwa kwa hiyo vikao vitakuja. Mkienda kwenye kikao msiende na "tunataka umeme wa meli", watawajibu vizuri sana na hamtapata kitu. Nendeni mkaulize orodha ya kila mwaka ya moshi wa bandari iko wapi, malori yanasubiri wastani wa masaa mangapi getini, na gati jipya limeachiwa nafasi ya kebo au halijaachiwa. Hayo matatu yana majibu ya namba na mtu akikwepa mnaona anakwepa. Kama mnaweza kuchangishana mkanunua kile kipimo kidogo cha chembe kinachotumia wifi, kifungeni kwenye ukuta wa shule iliyo karibu na barabara ya malori, sio juu ya paa la ghorofa.

Na kile kitambaa cheupe usikifue. Kikikauka kikunje, kitie kwenye bahasha, andika tarehe juu. Fanya hivyo mara moja kwa wiki mpaka kaskazi iishe, halafu nitumie picha zake zote kwa mpangilio nikuangalizie ni nani anakuchafulia zaidi.